Uzi: Tukiifuta jeni ya selimundu kwenye viinitete, tunafuta na nini kingine?

Tone_Moja (mwanzisha uzi)

Wakuu, mjadala wa kubadilisha binadamu kwa teknolojia ya jeni nauleta kwa mfano mmoja tu: selimundu. Ukiongea kwa ujumla, kila mtu anakuwa sahihi. Ukishika jeni moja, hesabu zinaanza kukubana.

Jeni yenyewe ni HBB, ipo kromosomu ya 11. Herufi moja imebadilika, GAG imekuwa GTG, na kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, asidi ya glutamiki imeondoka, ikaingia valini. Basi, ni hilo tu. Hemoglobini ya namna hiyo ikipoteza oksijeni inajisokota nyuzi, chembe nyekundu inapinda kama mundu, inaziba mishipa midogo na inakufa mapema. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya mtu mwenye SS, yaani aliyerithi nakala mbili za jeni hii iliyobadilika (S), huishi siku 10 hadi 20. Tanzania inakadiriwa kuwa watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

Kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya, tuyatenganishe kabisa. Moja ni kuhariri seli za mgonjwa aliyekwishazaliwa: badiliko linaishia mwilini mwake na atakufa nalo. La pili ni kuhariri yai, mbegu au kiinitete (mimba ya siku za mwanzo kabisa): badiliko linaingia kwenye seli zote, pamoja na zile zitakazozaa wajukuu. La kwanza limeshakuwa tiba, inaitwa Casgevy, Uingereza iliidhinisha Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023. La pili lilitangazwa China mwaka 2018 na mwanasayansi aliyelifanya, He Jiankui, akahukumiwa kifungo cha miaka 3.

Swali langu ni hili: je, ni haki kuing'oa S kwenye uzao wa watu wa Musoma, Mbale au Kilifi ilhali mbu wa malaria bado yupo?

Kokotoa

Umetaja Musoma, kwa hiyo tuanzie hukohuko. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba wenye AS (S moja na nakala moja nzima, A) wanakingwa dhidi ya malaria. Miaka miwili baadaye alitoa takwimu za Musoma ambazo mpaka leo wanafunzi wanazikokotoa. Watoto wachanga 287: AA (wasio na S) 189, AS 89, SS 9. Watu wazima 654: AA 400, AS 249, SS 5.

Pigeni hesabu. Kwa wachanga, S ni asilimia 18.6 ya nakala zote za jeni, na ukifuata kanuni ya Hardy na Weinberg, yaani kuzidisha sehemu hiyo ya S kwa yenyewe kisha kwa idadi ya watu, unategemea SS 10. Walikuwepo 9, yaani walizaliwa kama hesabu inavyotaka. Kwa watu wazima ulitakiwa uwaone SS kama 26, wakaonekana 5. Hao wengine walikwisha kuzikwa. Na AS wamepanda kutoka asilimia 31 utotoni hadi 38 ukubwani, maana AA nao walipungua njiani. Uteuzi wa asili unaouona hapo umetokea ndani ya umri wa mtu mmoja, mbele ya macho ya wazazi.

Kinga yenyewe si ndogo. Utafiti wa Kilifi uliotoka 2005 ulikuta AS inapunguza malaria ya kawaida kwa nusu, kulazwa kwa malaria kwa robo tatu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kwa hiyo anayesema "S ni jeni mbovu, ifutwe" amesoma nusu ya ukurasa. S mbili zinaua. S moja imewavusha mababu zetu.

Kingine ambacho hakisemwi: hata tiba ya mgonjwa mmoja mmoja inabadilisha mageuko. Chukua eneo ambalo S ni asilimia 10. Ili ikae hapo bila kupungua huku SS wote wakifa kabla ya kuzaa, malaria lazima iwe inaondoa kama 11 kati ya kila AA 100 zaidi ya inavyoondoa AS. Sasa watibu SS wote waishi na kuzaa kama wengine, lakini malaria uiache ilivyo. Kizazi kimoja tu, S inapanda hadi karibu asilimia 11, na wanaozaliwa SS wanatoka 100 katika 10,000 hadi 121. Na ukifanya kinyume chake, malaria iondoke lakini SS wasitibiwe, S inashuka polepole sana: kutoka asilimia 10 hadi 5 ni vizazi 10, yaani miaka 250 hivi. Hakuna uamuzi usiogusa vizazi vijavyo. Hata kununua neti ni uamuzi wa aina hiyo.

Mvua_ya_Vuli

@Kokotoa hesabu nimeielewa, na ndiyo maana nauliza kwa dhati. Kama kila kizazi kitazaa wagonjwa wapya, kwa nini tusimalize kwenye kiinitete? Mtoto wa SS hakuomba kuwa ngao ya malaria ya kijiji. Kumwambia mama avumilie kwa sababu jeni ile "iliwavusha mababu" mimi naona ni ukatili. Na hiyo tiba ya mtu mmoja mmoja ni ngumu kiasi gani hasa, mpaka tuseme inatosha?

Nesi_wa_Damu

Nijibu hapo kwenye ugumu.

Casgevy haigusi herufi iliyoharibika. Inakata swichi ya jeni nyingine, BCL11A, ambayo kazi yake ni kuzima hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, hemoglobini F. Swichi ikikatwa kwenye seli zinazozaa damu, F inarudi, na F haijisokoti nyuzi. Kwenye majaribio yaliyowasilishwa Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila maumivu makali. Ni matokeo mazuri mno, sitayapunguza.

Njia ya kufika huko ndiyo ngumu. Kwanza mgonjwa anaongezewa au kubadilishiwa damu kwa angalau wiki 8, mpaka S iwe chini ya asilimia 30. Haidroksiyurea, dawa yake ya kila siku ya selimundu, inasimamishwa. Halafu anachomwa pleriksafo ili seli shina zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu. Dawa iliyozoeleka kwa kazi hiyo, G-CSF, haifai kwa selimundu, inapandisha chembe nyeupe na kuziba mishipa, na imeshaua. Kisha anaunganishwa na mashine inayochuja damu kutwa nzima, siku mbili tatu, na wengi wanarudia mzunguko wote. Zinatakiwa seli shina zilizohaririwa zisizopungua milioni 3 kwa kila kilo ya uzito, kwa mtu wa kilo 50 ni milioni 150, pamoja na akiba ya milioni 2 kwa kilo ambazo hazikuguswa, za kumwokoa kazi ikiharibika. Kiwanda kinachukua hadi miezi 6.

Seli zikirudi, mgonjwa anapewa busulfani siku 4 ili uloto wake wa zamani ufe na kuacha nafasi. Hapo ndipo kwenye hatari, mkasi wa jeni ni sehemu ndogo. Busulfani inamwacha bila kinga, analazwa wiki 4 hadi 6 chumba cha peke yake, vidonda mdomoni, homa, chembe sahani chini. Na inaweza kumfanya mgumba. Kwa hiyo kabla ya kuanza anatakiwa kuhifadhi mbegu au mayai kwenye baridi kali, gharama nyingine juu ya dola milioni 2.2 za dawa yenyewe kwa bei ya Marekani.

Hata hivyo, ndugu Mvua, naomba uone jambo moja. Kijana wa miaka 16 anakaa na daktari, anaelezwa haya yote, anaweza kusema sitaki. Kiinitete hakielezwi chochote.

Fundi_wa_Maabara

Mvua ameuliza kwa nini tusimalize kwenye kiinitete. Kwa sababu mkono wetu bado unatetemeka, na jeni hiihii ya HBB ndiyo iliyotuonyesha.

Mwaka 2015 timu ya Guangzhou, China, ilijaribu kuhariri HBB kwenye viinitete ambavyo visingeweza kuzaliwa, vilivyotungishwa na mbegu mbili. Walidunga 86. Vikabaki hai 71, vikapimwa 54, vikakatwa mahali palipokusudiwa 28, na vilivyopokea marekebisho kutoka kwenye kiolezo vilichowekewa (kipande cha DNA chenye herufi sahihi) ni 4. Hivyo vinne navyo vilikuwa mchanganyiko, seli hii imerekebishwa, ya jirani haijarekebishwa. Na baadhi ya viinitete, badala ya kusoma kiolezo cha watafiti, vilinakili kutoka HBD, jeni jirani inayofanana na HBB.

Sababu ni ya kimaumbile. Cas9, ndiyo mkasi wenyewe wa jeni, inakata tu, haijui kushona. Anayeshona ni seli, na ana njia mbili: kuunga ncha harakaharaka, ambako herufi zinapotea au kuongezeka, au kunakili kiolezo kwa uangalifu. Kiinitete cha siku moja kinapenda njia ya kwanza. Wakati mwingine hakishoni kabisa: tafiti za 2020 kwenye viinitete vya binadamu zilikuta vipande vikubwa vimefutika, na hata mkono mzima wa kromosomu umepotea baada ya mkato mmoja. Kipimo cha kawaida kinachosoma herufi mia chache kuzunguka mkato hakioni hasara hiyo. Nakala iliyopotea haisomeki, unasoma iliyobaki peke yake na kuandika "imefanikiwa".

Na huwezi kukagua unachozalisha. Unachomoa seli chache za kondo la baadaye siku ya 5, unasoma hizo. Zilizobaki, ambazo ndizo mtoto, hujazisoma. Ukizisoma zote, hakuna kiinitete tena.

Mabinti mapacha wa China, waliotokana na viinitete vya He Jiankui, ni ushahidi uleule. Lengo lilikuwa kuiga badiliko la asili la CCR5, lile la kupoteza herufi 32 linalozuia aina nyingi za VVU kuingia kwenye seli. Hawakupata lile. Mmoja nakala zote mbili zilivunjika kwa namna ambazo hazikuwahi kuonekana kwa binadamu, mwingine nakala moja ilipoteza herufi 15 na ya pili ikabaki nzima, yaani kinga anayodaiwa kupewa huenda hana. Na hitaji lenyewe halikuwepo: baba ndiye aliyekuwa na VVU, na kuosha mbegu kabla ya kutungisha kunatosha kumkinga mtoto. Juu ya hilo, mtu asiye na CCR5 inayofanya kazi huugua zaidi akipata virusi vya West Nile. Kila jeni ina kazi ya pili.

Mvua_ya_Vuli

Sawa, mkato ni mchafu. Lakini siku hizi kuna uhariri wa herufi moja usiokata nyuzi zote mbili. Na tukitaka kutunza kinga ya malaria, si tubadilishe nakala moja tu, mtoto awe AS?

Fundi_wa_Maabara

Kihariri cha herufi kilichopo cha kufaa hapo kinageuza A kuwa G. Kwenye S hakiwezi kurudisha GAG ya asili. Kinachoweza ni kugeuza GTG kuwa GCG, alanini badala ya valini. Hiyo ni hemoglobini iitwayo Makassar, kwa mji wa Indonesia ilikogunduliwa, na wenye nayo wanaonekana wazima. Kwa mgonjwa mzima ni wazo zuri. Kwa uzao mzima, hatuna data ya Makassar na malaria ya huku.

Na kuchagua nakala moja iguswe na nyingine iachwe, huwezi. Katika SS nakala zote mbili zina herufi zilezile mahali pale, RNA elekezi, inayokionyesha kihariri pa kugusa, haioni tofauti. Utapata mtoto ambaye uloto una AS, ini sijui nini, na mayai yake hayajulikani.

Kokotoa

Na hata ingewezekana, AS si zawadi isiyo na gharama. Figo zao hupoteza uwezo wa kukoleza mkojo, kuna saratani adimu ya figo inayowafuata karibu wao tu, na wawili wakioana mnarudi palepale: robo ya watoto SS.

Halafu kimelea nacho hakijalala. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi ya Gambia na Kenya iliyoonyesha vimelea vya malaria aina ya falsiparamu vyenye mabadiliko yanayovisaidia kumwambukiza hata mwenye S. Upande wa dawa, badiliko la R561H kwenye kimelea, linalodhoofisha dawa ya malaria artemisinini, lilithibitishwa Rwanda, na Kagera lipo. Ukiondoa kinga ya kurithi kwa kutegemea dawa na chanjo, unaweka dau juu ya vitu viwili ambavyo kimelea kinavishambulia sasa hivi. Dau la mtu mmoja linarekebishika. Hili likiingia kwenye uzao haliondoki kwa barua ya wizara.

Kuna hesabu nyingine inayoamua mengi. Wazazi AS na AS, kila kiinitete kina nafasi 3 kati ya 4 ya kutokuwa SS. Wakiwa na viinitete 5, uwezekano kuwa vyote ni SS ni chini ya 1 katika 1,000. Kwa hiyo wanaotungisha maabara wanahitaji kupima na kuchagua, jambo lililofanyika kwa selimundu tangu 1999, hawahitaji kuhariri. Anayehitaji kuhariri kwa lazima ni SS aliyeoana na SS na kutaka watoto wa damu yao wote wawili. Ni kundi dogo mno. Tuwaheshimu, lakini tusijenge sheria ya dunia juu yao.

Bi_Hakiki

Naongeza upande wa haki za watu, kwa sababu selimundu ina historia chungu na haikuanza na mkasi.

Linus Pauling, mtu aliyeonyesha mwaka 1949 kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli, mwaka 1968 aliandika akipendekeza vijana wenye kubeba jeni hii wachorwe alama kwenye paji la uso ili wasipendane wao kwa wao. Aliona anapunguza mateso. Miaka ya 1970 majimbo kadhaa ya Marekani yalilazimisha upimaji kwa watu weusi bila ushauri nasaha, watu wazima wenye AS tu wakanyimwa kazi na bima, na chuo cha jeshi la anga la nchi hiyo kiliwakataa wenye AS hadi 1981. Hakuna jeni iliyohaririwa hapo. Ilitosha karatasi ya majibu kuangukia mikono isiyostahili.

Kisheria, mkataba wa Oviedo wa 1997, ibara ya 13, unakataza kuingilia jeni kwa lengo la kubadilisha za uzao, lakini ni wa Ulaya na si nchi zote za huko zimeuridhia. Azimio la UNESCO la mwaka huohuo ni tamko tu, halimfungi mtu kisheria. Kwa hiyo mtu akifungua kliniki mahali pasipo na sheria, hakuna mkono wa kumfikia. Ninachokitaka kiandikwe kwenye sheria zetu ni vitu vya kushikika: kuweka kiinitete kilichohaririwa kwenye tumbo la mwanamke iwe jinai, si kosa la leseni, fomu ya ridhaa itaje kuhariri kwa jina lake, kwa Kiswahili, maana fomu ya He Jiankui iliuita mradi wa kutengeneza chanjo ya UKIMWI, na majibu ya vinasaba yasionekane kwa mwajiri wala bima.

Kuna swali gumu zaidi ambalo sheria hailimalizi. Mtoto aliyehaririwa lazima afuatiliwe, na watoto wake pia, ndipo tujue kama ni salama. Lakini ana haki ya kukataa kufuatiliwa akifika miaka 18. Jaribio linalohitaji utii wa watu ambao hawajazaliwa mimi naliona limevunjika kabla ya kuanza.

Mvua_ya_Vuli

Hoja ya ufuatiliaji imenigusa, sikuwa nimeiona hivyo. Naondoa neno "tumalize". Ila msiniambie kuwa kusubiri ni usafi. Wanaokufa wakisubiri ni watoto.

Swali la mwisho kuhusu wanaosema wataongeza urefu na akili?

Kokotoa

Fupi tu, kwa sababu pameshajibika. Utafiti mkubwa wa urefu wa 2022, watu milioni 5.4, ulikuta sehemu zaidi ya 12,000 kwenye jenomu zinazogusa urefu. Zote pamoja zinaeleza kama asilimia 40 ya tofauti za urefu kwa wenye asili ya Ulaya, na kwa wengine nusu ya hapo au chini zaidi, kwa kuwa data nyingi zilitoka kwa wenye asili ya Ulaya. Huo ni urefu, unaopimwa kwa rula. Akili je? Anayekuuzia hiyo anakuibia.

Tone_Moja

@Mvua_ya_Vuli uko sahihi kuwa kusubiri si usafi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Haidroksiyurea ni kidonge. Majaribio ya REACH, Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, yaliyotoka 2019, walianza na miligramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku, wakapandisha taratibu huku wakipima picha kamili ya damu. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na malaria haikuongezeka kama watu walivyohofia, ilipungua. Kipimo cha mtoto mchanga ni tone la damu ya kisigino. Penisilini hadi miaka 5. Mtu akitangaza mpango wa kuhariri viinitete Afrika Mashariki kabla watoto wote wa SS hawajafikiwa na vitu hivi vitatu, hajali selimundu, anatafuta mahali pa kujaribia.

@Nesi_wa_Damu malizia na jambo la waliopona, wengi hawalijui.

Nesi_wa_Damu

Ndiyo, na linahusu hata wanaopandikizwa uloto, huduma ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaitoa kwa watoto wenye selimundu.

Aliyepandikizwa uloto wa ndugu mwenye AA, ukimpima damu kwa elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, itasoma AA. Aliyehaririwa kwa Casgevy itasoma F nyingi pamoja na S. Lakini mayai au mbegu zao hazikuguswa, zote bado zina S. Kila mtoto atapokea S moja, bila kukosa. Mchumba akiwa AS, nusu ya watoto ni SS. Kwa hiyo wachumba wakienda kupima kabla ya ndoa na huyu aliyepona akaonyesha karatasi ya AA, karatasi inawadanganya wote wawili.

Kwenye kadi yake iandikwe: "Alizaliwa SS. Ametibiwa uloto tarehe fulani. Kwa ushauri wa uzazi ahesabiwe SS." Damu isitumike kumtambua tena, na mate pia hayafai sana kwa aliyepandikizwa kwa sababu yana chembe za aliyemchangia. Mchumba ndiye apimwe, kwa elektroforesisi au HPLC (kipimo kingine cha kutenganisha hemoglobini), si kwa kile kipimo cha haraka cha kuchanganya tone na kemikali, maana chenyewe kinasema S ipo au haipo, hakitofautishi AS na SS. Na maelezo hayo apewe mgonjwa mwenyewe akifika umri wa kuelewa, yasibaki kwa wazazi peke yao.

Bi_Hakiki

Hiyo sentensi ya kwenye kadi naichukua kama ilivyo, naiingiza kwenye mapendekezo. Niongeze maneno matano mwishoni: "Isionyeshwe mwajiri bila idhini yake."